Unaachana na TV ya chogo? Soma hapa kabla hujatoa hela

Ndugu wananchi, malalamiko ya TV mpya yamekuwa mengi sana mezani kwetu sisi tunaoshughulikia haki za mlaji siku hizi na karibu yote yanafanana. Mtu kauza chogo lake, kajichanga, kaenda Kariakoo kachukua flati ya inchi 43, boksi limeandikwa 4K kubwa kabisa, kufika nyumbani picha haina tofauti na ya jirani mwenye HD ya kawaida, akirudi dukani anaoneshwa kibao cha "mali ikishauzwa hairudishwi". Anakuja kwetu. Tunamuuliza risiti, hana.

Kile kibao hakimlindi muuzaji aliyekudanganya. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na kama bidhaa ni bandia kuna Sheria ya Alama za Bidhaa, mzigo unakamatwa na kuteketezwa. Ila sisi hatufanyi kazi kwa maneno matupu jamani. Dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, yenye kiasi ulicholipa kweli, siyo nusu, halafu muuzaji aandike modeli na serial namba kwenye kadi ya waranti, agonge muhuri na tarehe. Modeli inapatikana sehemu tatu: kwenye boksi, kwenye stika ya nyuma ya TV, na ndani ya menyu ukiingia settings kwenye About. Zote tatu zifanane. Zisipofanana usilipe, hata kama bei imeshuka ghafla, na hasa kama imeshuka ghafla.

Na hili la "si ina alama ya TBS, mbona imekufa?" tunalisikia kila wiki. TBS ni Shirika la Viwango. Alama ya ubora siyo waranti. Waranti ni makubaliano yako na muuzaji, soma imeandika nini kuhusu umeme kuruka maana wengi wanakukatalia hapo hapo.

Kuhusu hiyo 4K, kioo cha kweli ni 3840 kwa 2160. Boksi likisema "4K support" maana yake inaweza kupokea video ya 4K tu, kioo chenyewe kinaweza kuwa 1366 kwa 768, kwahiyo angalia neno resolution kwenye karatasi ya modeli usiangalie stika ya mbele. Inchi nazo zinapimwa kona kwa kona ya kioo bila fremu, 43 ni kama sentimita 109, nenda na tepu ya fundi hakuna atakayekucheka.

Iwashwe mbele yako. Nenda na flashi yenye picha tatu, moja nyeupe tupu, moja nyeusi na moja nyekundu, ziache zijae kioo chote: kwenye nyeupe na nyekundu utaona vidoti vilivyokufa, kwenye nyeusi utaona mwanga unaovuja pembeni. Kama ni smart washa hotspot ya simu ufungue YouTube hapo hapo. Kwenye antena hakikisha imeandikwa DVB-T2, ndiyo mfumo wa matangazo ya dijitali ya hapa kwetu. TV aliyotuma ndugu yako kutoka Marekani mara nyingi ni ATSC, mfumo wa kwao, antena ya hapa haitashika kitu, na kama nyuma imeandikwa 120V pekee ukiichomeka kwenye umeme wetu wa 230V inaungua. Hiyo tusilaumiwe sisi.

Soma na wati nyuma. TV ya wati 50 ikiwaka saa sita kwa siku inakula uniti 9 za LUKU kwa mwezi, ya wati 100 inakula 18.

Chogo la zamani usilivunje wala kulitupa jalalani. Kioo chake kina madini ya risasi yenye sumu, na ndani zinaweza kubaki volti maelfu hata ukishalichomoa, mtoto akilifungua ni hatari kubwa. Taka za umeme zina kanuni zake tangu 2021 chini ya Sheria ya Mazingira, mpelekee mkusanyaji mwenye kibali, na kama humjui uliza ofisi ya mazingira ya halmashauri yako.