Namba 2147483647: jinsi inavyothibitishwa kuwa tasa

Jumanne, 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi kwa saa za hapa Mwanza, kompyuta za zamani zitafika mwisho wa kuhesabu. Huhesabu sekunde tangu mwanzo wa mwaka 1970 na kuziandika kwa 0 na 1 katika nafasi 32. Nafasi moja ni ya alama ya chanya au hasi. Nafasi 31 zinazobaki zikijaa 1 tupu, umefika 2147483647. Sekunde inayofuata, saa hizo zitarudi Desemba 1901. Mitambo mipya imeshaongezewa nafasi, lakini ofisi na maduka yenye vifaa vya zamani yaanze kuvikagua mapema.

Kinachonivutia zaidi ni kwamba namba hiyo ni tasa: haigawanyiki bila baki isipokuwa kwa 1 na kwa yenyewe. (Utasa wake hauhusiani na tatizo la saa, zimekutana tu.) Wanafunzi wa sekondari huuliza, tumejuaje? Wanastahili jibu zaidi ya "kompyuta imesema", kwa sababu mwanahisabati Leonhard Euler alithibitisha hilo mwaka 1772, akiwa karibu kipofu kabisa.

Njia ya kawaida ni kujaribu kila namba tasa hadi kipeuo cha pili cha namba yenyewe, yaani hadi 46340. Kuendelea zaidi ni kazi bure, maana kigawo kikubwa lazima kiwe na mwenzake mdogo ambaye umeshampitia. Hata hivyo, hapo kuna namba tasa zaidi ya 4,700.

Ndipo hisabati inapookoa jasho. Namba yetu ni 2 kwa kipeo cha 31, ukitoa 1. Kigawo chake chochote kilicho tasa, ukikigawanya kwa 62 (mara mbili ya 31), lazima kibakize 1. Ukikigawanya kwa 8, lazima kibakize 1 au 7. Namba zinazotimiza masharti yote mawili hadi 46340 hazifiki 400, na nyingi kati ya hizo si tasa, hivyo nazo unaziruka.

Usikubali kwa sababu nimesema mimi. Chukua ndugu yake mdogo: 2 kwa kipeo cha 11, toa 1, unapata 2047. Hapa sharti ni kubakiza 1 ukigawanya kwa 22. Namba ya kwanza ni 23, nayo inagawanya: 23 × 89 = 2047. Gawanya 89 kwa 22, inabaki 1. Kwa 8, 23 inabakiza 7 na 89 inabakiza 1. Kwa hiyo kipeo kuwa tasa, kama 11, hakutoshi kuifanya namba iwe tasa, lazima upime.

Namba ya Euler iliongoza kwa ukubwa kati ya namba tasa zilizojulikana kwa miongo kadhaa. Kubwa kuliko zote zinazojulikana sasa, iliyopatikana Oktoba 2024, ni ya ukoo huohuo: 2 kwa kipeo cha 136279841, toa 1. Ina tarakimu 41,024,320, na hiyo kweli inahitaji kompyuta.

Ya Euler haihitaji. Mwanafunzi wa Ukerewe au Sengerema mwenye daftari na subira anaweza kuifuata hatua kwa hatua. Namba tasa ya kwanza ya kujaribu ni 311: 311 × 6905092 = 2147483612, inabaki 35, kwa hiyo si kigawo. Inayofuata ni 1303.