Ukali wa mazoezi ya aerobiki: maana yake na namna ya kuupima kwa mtu mwenye uzito mkubwa

Alfajiri katika ufukwe wa Coco, Dar es Salaam, watu wengi hutembea wawili wawili. Tuwachukue kwa mfano wanawake wawili, mashoga wa mtaa mmoja, wote wana miaka 45, mmoja ana kilo 60 na mwenzake kilo 95, wanaotembea bega kwa bega kwa mwendo uleule. Wa kwanza anasimulia habari za harusi ya juzi tangu mwanzo hadi mwisho bila kukatiza. Wa pili anaitikia "ehe" na "kumbe", na kila baada ya hatua kadhaa anavuta pumzi kwa nguvu kabla ya kusema neno jingine. Anayewatazama kwa mbali atasema kwamba wanafanya zoezi moja, na kwa habari ya mwendo atakuwa amesema kweli. Kwa habari ya ukali wa zoezi, kila mmoja yuko mahali pake.

Mazoezi ya aerobiki ni yale yanayotumia misuli mikubwa ya mwili kwa mfululizo, kama vile kutembea, kuogelea, kuendesha baiskeli au kucheza ngoma, huku misuli hiyo ikipata nguvu zake hasa kwa kutumia oksijeni inayoletwa na damu. Ukali wa mazoezi hayo ni kiasi cha kazi ambacho mwili unafanya kwa wakati fulani, na kiasi hicho hutajwa kwa njia mbili ambazo watu huzichanganya mara nyingi. Kuna ukali kamili, unaotazama kazi yenyewe: kasi ya kilomita kadhaa kwa saa, au kiasi cha oksijeni kinachotumika. Kuna pia ukali linganishi, unaotazama kazi hiyo ni sehemu gani ya uwezo wa juu kabisa wa yule anayeifanya. Kwa mtu mwenye uzito uliozidi, yaani uwiano wa uzito na urefu (BMI, kilo zikigawanywa kwa mraba wa urefu wa mita) unaofika 25 au zaidi, na zaidi kwa mwenye kiribatumbo, ambaye uwiano wake umefika 30, umbali kati ya vipimo hivi viwili huwa mkubwa, na asipoelezwa anaweza kuumia au kukata tamaa.

Ukali kamili hupimwa kwa kizio kiitwacho MET. MET 1 ni kiasi cha oksijeni kinachokadiriwa kutumiwa na mtu aliyekaa kimya, na kwa desturi huhesabiwa kuwa mililita 3.5 kwa kila kilo ya mwili kwa dakika. Kutembea kwa kasi ya takriban kilomita 5 kwa saa huhesabiwa kuwa MET 3.5 hivi, na kazi yoyote iliyo kati ya MET 3 na pungufu kidogo ya 6 huitwa ya wastani, kisha kuanzia 6 na kuendelea huitwa kali. Sasa turudi ufukweni. Tuseme uwezo wa juu wa yule wa kwanza ni MET 10 na wa mwenzake ni MET 6, jambo ambalo si la ajabu kwa mtu mwenye uzito mkubwa ambaye hajafanya mazoezi kwa miaka mingi. Kwa kasi ile ile, wa kwanza anatumia asilimia 35 ya uwezo wake, na wa pili asilimia 58. Chuo cha Tiba ya Michezo cha Marekani huita zoezi la wastani lile linalotumia asilimia 46 hadi 63 ya uwezo wa juu wa mtu wa kutumia oksijeni. Kwa hiyo wa pili yuko ndani ya wastani, tena karibu na ukingo wake wa juu, wakati shoga yake bado hajaufikia. Wakiongeza mwendo hadi kama kilomita 6.4 kwa saa, ambao ni MET 5, wa kwanza ndipo anapoingia katika wastani kwa asilimia 50, lakini mwenzake anaruka hadi asilimia 83, ambayo ni kazi kali ya kweli. Ushauri wa "tembea haraka haraka" unaotolewa kwa wote kwa maneno yaleyale umempa mmoja zoezi la wastani na mwingine zoezi kali.

Kuna kasoro nyingine ndani ya kizio chenyewe. Ile mililita 3.5 ilitokana na vipimo vya mwanamume mmoja wa miaka 40 mwenye kilo 70. Mafuta ya mwilini hutumia oksijeni kidogo kuliko misuli na viungo vya ndani, kwa hiyo kilo moja ya mwili wenye mafuta mengi hutumia kidogo wakati wa kupumzika. Watafiti waliopima mamia ya watu na kuchapisha matokeo yao mwaka 2005 walipata wastani wa takriban mililita 2.6 tu. Kwa maoni yangu, jedwali la MET lisitumike kumwambia mtu mwenye kilo nyingi kwamba zoezi lake ni jepesi.

Mwili mzito hutaabika kwa sababu zinazoonekana wazi. Kila hatua hubeba kilo zote, mapaja mazito hurushwa mbele kwa nguvu zaidi, na mara nyingi miguu hutanuka na kuongeza kazi ya kujisawazisha. Mafuta ya kifuani na tumboni hubana mwendo wa kiwambo cha pumzi, kiasi kwamba kupumua kwenyewe kunakuwa kazi. Goti nalo lina hesabu yake: utafiti wa mwaka 2005 kwa watu wazee wenye uzito mkubwa na ugonjwa wa viungo vya goti ulionyesha kwamba kila kilo inayopungua mwilini huliondolea goti mzigo wa takriban kilo nne katika kila hatua. Ndiyo maana mtu huyohuyo anaweza kuendesha baiskeli kwa nusu saa akiwa na utulivu, kwa kuwa kiti kimebeba uzito, na kisha akachoka kwa dakika kumi za kupanda kilima.

Kipimo kinachotajwa sana katika kumbi za mazoezi ni mapigo ya moyo. Kanuni maarufu ni kuondoa umri wako katika 220 ili upate kiwango cha juu cha mapigo kwa dakika, kisha zoezi la wastani liwe kati ya asilimia 64 na 76 ya kiwango hicho. Kanuni hiyo ni rahisi kukumbuka, lakini ni makadirio ya kundi: watu wawili wa umri mmoja wanaweza kutofautiana kwa mapigo 20 au zaidi na wote wakawa na afya njema. Mwaka 1993 ilipendekezwa kanuni kwa ajili ya watu wenye kiribatumbo: chukua 200, kisha ondoa umri uliozidishwa kwa 0.48. Kwa mtu wa miaka 45 kanuni hizi mbili hutoa 175 na 178, ambayo ni tofauti ndogo. Kwa wa miaka 60 hutoa 160 na 171, na hapo mtu anaweza kuambiwa amepita kiasi ilhali hajapita. Kwa kijana wa miaka 25 mambo hugeuka, ya zamani ikitoa 195 na ile nyingine 188.

Iliyo bora zaidi ni njia ya Martti Karvonen wa Finland, iliyotokana na kazi yake ya mwaka 1957, kwa sababu inaanzia pale moyo wa mtu mwenyewe unapopumzikia. Mtu mwenye miaka 45 ambaye mapigo yake akiamka asubuhi ni 82, na kiwango chake cha juu kinakadiriwa kuwa 178, ana akiba ya mapigo 96, yaani 178 ukiondoa 82. Zoezi la wastani ni asilimia 40 hadi 59 ya akiba hiyo, ikijumlishwa na yale 82 ya mapumziko, yaani mapigo 120 hadi 139 hivi kwa dakika. Ili kuhesabu, weka kidole cha shahada na cha kati upande wa ndani wa kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba, uhesabu kwa sekunde 15 kisha uzidishe kwa nne. Usitumie kidole gumba, kwa sababu kina mpigo wake. Hesabu mara tu unaposimama, maana mapigo hushuka upesi.

Mapigo hayafai kwa kila mtu. Wengi wenye uzito mkubwa wana shinikizo la damu, na baadhi yao hupewa dawa kama atenolol, bisoprolol au propranolol, ambazo hupunguza kasi ya moyo. Mtu anayezitumia anaweza kufikia mwisho wa nguvu zake huku saa ya mkononi ikimwonyesha mapigo 110, akadhani anazembea na kuongeza mwendo. Joto na unyevu wa hewa wa pwani navyo hupandisha mapigo, kwa kuwa moyo unapeleka damu kwenye ngozi ili kuupoza mwili. Ukitembea saa nne asubuhi Mombasa au Tanga, mapigo yatakuwa juu kuliko yale ya saa kumi na mbili kwa mwendo uleule.

Kwa hiyo mimi humweka mbele Gunnar Borg, mwanasaikolojia wa Sweden, aliyetunga kipimo kinachoanzia 6 hadi 20. Mtu hujiuliza mwili wake wote unajisikiaje, pumzi, miguu na joto kwa pamoja, kisha hutaja namba: 6 ni kutokuona taabu yoyote, 9 ni wepesi sana, 13 ni ugumu kiasi, 17 ni ugumu sana, na 20 ni mwisho kabisa wa uwezo. Namba zilipangwa ili kwamba zikizidishwa kwa kumi zikaribie mapigo ya mtu mzima mwenye afya, lakini thamani yake kubwa ni kwamba anayeheshimiwa hapa ni mwenye mwili. Wastani ni 12 hadi 13. Mtu asiyezoea hukosea mwanzoni, hasa kwa kutaja namba ndogo mbele ya mwalimu wake kwa haya, na ni wajibu wa mwalimu kumwonyesha kwamba 14 si aibu.

Kipimo cha kuongea ni rahisi zaidi na hakina gharama. Katikati ya zoezi, sema kwa sauti dua au ubeti unaoujua kwa ghibu. Ukiweza kuimba, zoezi ni jepesi. Ukiweza kusema sentensi nzima nzima lakini huwezi kuimba, uko kwenye wastani. Ukikatika baada ya maneno machache, umeingia kwenye makali. Kwa mwenye kifua kizito pumzi inaweza kukatika kabla moyo haujafika kwenye mapigo yaliyoandikwa katika jedwali, na inapotokea hivyo pumzi ifuatwe, jedwali lisubiri. Ila maumivu ya kifua, kizunguzungu, au moyo kwenda mbio bila mpango si vipimo vya ukali. Ni sababu ya kusimama na kwenda hospitali.

Katika utafiti wa Panteleimon Ekkekakis na Erik Lind uliochapishwa mwaka 2006, wanawake walitembea kwanza kwa kasi waliyoichagua wenyewe, kisha kwa kasi iliyoongezwa kwa asilimia 10 tu. Wenye uzito wa kawaida hawakubadilika sana. Wenye uzito uliozidi walipoteza raha ya zoezi kadiri dakika zilivyokwenda. Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya mwaka 2020, humtaka mtu mzima afanye dakika 150 hadi 300 za zoezi la wastani kwa wiki, na dakika hizo hazitimizwi na mtu anayeichukia kila dakika. Yule shoga mwenye kilo 95 akitembea kwa mwendo wake mwenyewe, akiweza kujibu kwa sentensi, dakika zake zinahesabika sawasawa na za mtu mwingine yeyote.

Baada ya wiki kadhaa za kutembea mara kwa mara uwezo wa juu hupanda, hata kama mizani haijasogea. Njia ileile ambayo yule wa mapigo 82 aliipa namba 14 katika kipimo cha Borg sasa anaipa 11, na mapigo yake ya asubuhi yamepungua kutoka 82 hadi 76. Hesabu ya akiba ifanywe upya kwa namba hizo mpya: 178 ukiondoa 76 ni 102, na wastani wake sasa ni mapigo 117 hadi 136.