Uso safi wa fuwele haupatikani kwa msasa

Wengi huamini kuwa fuwele, yaani kipande kigumu ambacho chembe zake zimepangika kwa utaratibu, ikisuguliwa kwa msasa hadi ing'ae, uso wake umekuwa safi. Sivyo. Msasa huacha mikwaruzo na tabaka lililovurugika chini yake. Pasua! Fuwele ya chumvi hupasuka sambamba na nyuso za mchemraba wake, na uso mpya haujawahi kuguswa na hewa wala kidole. Simamisha wembe mpya sambamba na uso mmojawapo, gonga mara moja kwa nyundo ndogo. Ukisukuma polepole, ufa husita na kuacha vijingazi usoni. Wembe ukiinama, fuwele husagika. Chumvi ya Ziwa Katwe, magharibi mwa Uganda, haifai sana, imechanganyika na madini mengine. Na Kampala ikinyesha, unyevu wa hewa ukipita asilimia 75, chumvi huanza kuyeyuka: pasua utumie papo hapo.