Wanaohama si wale unaowadhania

Dhana: Maskini kuliko wote ndio wanaohama.

Hii inaniuma kuliko nyingine, maana inawasahau walio na shida zaidi. Kuhama kunataka fedha: nauli, hati za kusafiria, kodi ya chumba kabla hujapata hata kibarua. Mfikirie mkulima ambaye mvua imemgomea misimu mitatu mfululizo. Msimu wa kwanza aliuza mbuzi, wa pili akauza ng'ombe wa maziwa. Ulipofika wa tatu hakuwa na cha kuuza, na nauli ambayo ingemwondoa ilikuwa imeshaliwa. Anayeondoka ni jirani yake mwenye akiba kidogo na kaka aliyetangulia mjini, wa kumpokea na kumlaza siku za mwanzo. Ndiyo maana nchi maskini sana ikianza kupata nafuu, wanaokwenda nje kwa kawaida huongezeka kwanza; kupungua huja baadaye, kipato kikishapanda vya kutosha.

Dhana: Wengi wanaohama huvuka mipaka kwenda nchi tajiri.

Umoja wa Mataifa ulikadiria kuwa mwaka 2020 watu milioni 281 walikuwa wakiishi ugenini, nje ya nchi zao. Idadi inatisha ukiitazama peke yake, lakini ni kama watu 3.6 tu katika kila 100 duniani. Waliohama ndani ya nchi zao ni wengi zaidi: makadirio ya Umoja huohuo ya mwaka 2009 yaliwahesabu kuwa milioni 740 hivi. Si jambo geni hata kidogo. Mwaka 1885 mwanajiografia Ernst Georg Ravenstein, akichambua sensa za Uingereza, alionyesha kwamba wengi huhamia karibu, na kwamba katika safari hizo fupi wanawake huwazidi wanaume.

Dhana: Watu huhama kutafuta kazi tu.

Kazi ni sababu kubwa, kweli. Lakini kuna anayefuata mume au mke, anayekwenda kusoma, anayerudi kumuuguza mzazi. Mara nyingi sababu zimefungamana kiasi kwamba mwenyewe ukimuuliza hawezi kukutajia moja.

Dhana: Mkimbizi ni yeyote aliyehama kwa shida.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1951 kuhusu wakimbizi unamtambua kuwa mkimbizi mtu aliye nje ya nchi yake kwa hofu yenye msingi ya kuteswa kwa sababu ya rangi, dini, utaifa, maoni ya kisiasa au kundi la kijamii alilomo. Aliyekimbia vita akabaki ndani ya nchi yake huitwa mkimbizi wa ndani, na mkataba huo haumgusi. Hata wanaovuka, wengi wao huishia nchi jirani. Na yule mkulima wa misimu mitatu, akijikongoja kwa miguu hadi ng'ambo ya mpaka, hatajikuta kwenye orodha hiyo. Ukame haumo.