Gari la zamani limeinama: usikaze bolti kabla ya kupima

Mwenye gari la zamani hufikiwa na siku anapolitazama kwa mbali na kuona limelala upande. Bampa limeshuka kulia, au nyuma imekaa kama gari lina mzigo. Hapo watu huanza kumpa mashauri, na mengi nimeyaona yakiharibu magari ambayo hayakuwa na ugonjwa mkubwa.

"Shokamzoba zimekufa, ndiyo maana limeshuka."

Kinachobeba gari ni springi. Shokamzoba hutuliza mtikisiko, gari lisiendelee kudunda baada ya shimo. Zile za kawaida za mafuta ukizifungua zote nne, gari litabaki kimo kilekile. Za gesi huinua kidogo tu. Citroën DS iliyotoka mwaka 1955 ni habari nyingine kabisa, kwa kuwa hiyo hubebwa na gesi na mafuta yenye mgandamizo badala ya springi za chuma.

"Pima kutoka chini hadi kwenye madigadi, inatosha."

Haitoshi, na makosa mengi yanaanzia hapa. Tairi moja ikipungua upepo, kipimo kimeshadanganya. Pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi. Hata hivyo madigadi ya gari la miaka 50 huenda yaligongwa na kunyooshwa zamani, kwa hiyo kama kitabu cha mtengenezaji kinataja sehemu za kupimia kwenye chasisi au kwenye mikono ya gurudumu, fuata hizo. Tafuta sakafu iliyo sawa, uihakikishe kwa pimamaji. Ondoa mizigo yote.

Jambo linalosahaulika zaidi ni kulisukuma gari. Likitoka kwenye jeki, matairi hushika sakafu yakiwa yamejikunja kwa ndani, na mwili unabaki juu kuliko unavyopaswa kuwa. Lisukume mbele na nyuma mita chache, libonyeze kwenye bampa mara kadhaa, ndipo ushike tepu. Andika namba nne kwenye karatasi.

"Kona iliyoshuka ndiyo mbovu."

Si lazima. Mwili wa gari ni mgumu, na unakaa kama meza ya miguu minne. Springi ya nyuma kulia ikichoka, kona hiyo hushuka na ya mbele kushoto huinuka, na wewe unayetazama kwa mbele unaona mbele kulia ndiko kumelala. Kwenye gari lenye ekseli nzima nyuma, yaani chuma kimoja kinachounganisha magurudumu mawili, kuna njia rahisi ya kujua: weka vizuizi kwenye magurudumu ya mbele, inua ekseli kwa jeki moja katikati kabisa hadi matairi ya nyuma yaache sakafu, kisha pima mbele. Hapo springi za nyuma haziwezi tena kulisukuma gari upande. Mbele ikikaa sawa, kasoro iko nyuma. Ikibaki imeinama, kasoro iko mbele. Mtu yeyote asiingie chini wakati huo. Jeki ni ya kuinulia, na kazi ya chini ya gari hufanywa juu ya stendi za chuma.

"Kukaza tosheni baa kunaipa nguvu mpya."

Tosheni baa ni nondo inayobeba gari kwa kujisokota. Ugumu wake unatoka kwenye urefu na unene, hasa unene: kipenyo kikiongezeka mara mbili, ugumu unaongezeka mara 16. Bolti ya kurekebishia haigusi chochote kati ya hivyo. Inahamisha tu mahali nondo inapoanzia kujisokota, gari linapanda, na ugumu unabaki uleule. Wanaosema gari limekuwa gumu baada ya kupandishwa hawasemi uongo, ila sababu ni kwamba gurudumu limebaki na nafasi ndogo ya kushuka, na kwenye kila shimo linagonga kikomo.

Si kila gari lina bolti hiyo. Nyuma ya Volkswagen Beetle kuna meno: 40 upande wa ndani wa nondo na 44 upande wa nje. Jino moja la ndani ni digrii 9, la nje ni digrii 8 na kidogo. Ukirudisha jino moja ndani na kusogeza moja nje kwa mwelekeo wa kinyume, umebadilisha chini ya digrii moja. Ni ubunifu ninaoupenda sana, lakini una hatari. Bamba lililofungwa kwenye nondo limekaa kwenye kikomo chake likiwa limevutwa kwa nguvu kubwa. Ukilitoa bila jeki na mnyororo, linafyatuka na kuvunja mkono. Tia alama kwa patasi kabla ya kuchomoa. Nondo za kushoto na kulia usizichanganye, kila moja imezoeshwa kujisokota upande wake.

"Bushi zikazwe gari likiwa juu, ndiyo rahisi."

Hili limenigharimu. Nilifunga bushi mpya, yaani vile vipande vya mpira vya kwenye maungio ya mikono ya gurudumu, nikakaza kila nati magurudumu yakining'inia, nikashusha gari. Likasimama sentimita tatu juu zaidi ya kipimo, nami nikaanza kuilaumu springi. Kumbe mpira ulikuwa umebanwa katika hali ya kuning'inia, ukawa unapigana na uzito wa gari. Nilipolegeza nati gari likiwa limekaa kwa magurudumu yake, nililisikia likitua. Ningeliacha vile, mpira ungechanika. Nati za bushi za mpira hukazwa mwisho, gari likiwa kwenye kimo chake cha kawaida.

"Kata koili moja, litashuka."

Ukikata koili, yaani mzunguko mmoja wa springi, litashuka, na springi itakuwa ngumu zaidi kwa kuwa imebaki fupi, huku ncha iliyokatwa haikai vizuri kwenye kikalio chake. Kuichoma kwa gesi ni kubaya zaidi, maana moto unaua ugumu wa chuma. Nunua springi ya kimo sahihi.

Kimo kikibadilika, mlalo na mwelekeo wa matairi hubadilika pia, kwa hiyo alaimenti, yaani kuyapanga upya matairi, ifuate, na taa za mbele zilengwe upya. Baadhi ya magari yana vali ya breki za nyuma iliyounganishwa na ekseli, nayo itarekebishwa. Springi mpya hushuka kidogo zinapozoea uzito, basi endesha wiki mbili tatu, kisha itoe ile karatasi yenye namba nne na upime tena.