Mvua Mnaisingizia: Kinachoikata Linki ya Leza ni Ukungu

"Mvua ikinyesha si itakata?" Swali hili huja kabla hata ya bei, kila ninapotaja linki ya leza, yaani vifaa viwili vinavyorushiana intaneti kwa mwanga hewani, jengo hadi jengo. Nimelisikia kwa wenye hoteli, kwa wakuu wa shule, na juzi kwa mhandisi wa kampuni ya intaneti ambaye alipaswa kujua. Tena muulizaji huwa ameshajijibu: mwanga na mvua haviivi chungu kimoja, basi leza ni mambo ya nchi kavu, tufunge redio, inayorusha intaneti hiyohiyo kwa mawimbi, yaishe. Sina ugomvi na anayekataa leza. Ugomvi wangu ni na sababu, kwa kuwa anayeamini hivyo huikataa mahali inapofaa, kisha mwaka wa pili akaenda kuifunga mahali isipofaa kabisa.

Tupige hesabu. Mvua ya milimita 50 kwa saa, ile ya masika inayofanya madereva wa Dar wapaki pembeni, humega mwanga wa leza kwa takriban desibeli 15 kila kilomita (kila desibeli 10 hugawanya nguvu kwa kumi). Ni hasara kubwa. Baada ya kilomita moja inafika kama sehemu moja kati ya 30. Lakini linki fupi iliyopangwa na mtu anayejua kazi huwekewa akiba ya nguvu ya kubeba hasara hiyo na ziada. Na hiyo redio ya gigahezi 80 mnayoikimbilia? Kwenye mvua hiyohiyo inapoteza kiasi kinachokaribiana, mara nyingi hata zaidi. Wimbi lake lina urefu wa milimita nne hivi, yaani linalingana na tone la mvua, ndiyo maana linapata taabu kupita katikati ya matone. Mvua inaumiza vyote viwili. Mbona redio haiulizwi?

Sasa njoo kwenye ukungu. Ukiwa mzito kiasi kwamba huoni kitu kilicho mbali zaidi ya mita 200, unakula desibeli 85 hivi kwa kilomita moja. Hapo kati ya chembe milioni 300 za mwanga ulizorusha, inafika moja. Hilo hulifidii kwa kioo kikubwa wala kwa leza yenye nguvu zaidi, hata muuzaji akuapie.

Ajabu ni kwamba ukungu una maji kidogo kuliko mvua. Washa tochi usiku, mwaga konzi ya mahindi mbele yake. Mwanga utauona ukutani. Kisha mwaga konzi ya unga. Matone ya mvua ni makubwa na yameachana. Ya ukungu ni ya maikromita (elfu moja ya milimita) chache hadi makumi machache, nayo ni mengi mno, kwa hiyo kila mwale unakutana na kitu njiani. Wimbi la redio ya gigahezi 80 kwa upande wake linapita kwenye ukungu huohuo karibu bila kujeruhiwa, maana matone hayo kwake ni madogo mno.

Kwa hiyo swali la maana ni hili: saa kumi na mbili asubuhi, mwezi wa sita na wa saba, unaliona lile jengo la upande wa pili? Dar, Tanga na Mombasa jibu ni ndiyo, karibu mwaka mzima. Huko kwenye mvua za kutisha ndiko leza inakokaa vizuri. Njombe, Lushoto au Limuru, usinunue kabla hujapanda darini alfajiri, siku kadhaa mfululizo, ukiwa na koti. Nimeona linki iliyovuka bonde moja la milimani ikapita masika yote bila malalamiko, halafu kiangazi, siku kavu kabisa, inalala hadi saa tatu asubuhi jua linapokuja kuchoma ukungu. Mwenyewe akaandika kwenye daftari la hitilafu: "hali ya hewa, mvua". Mvua ya Julai!

Anayetaka ushahidi wa ukanda wetu aangalie Mto Kongo. Brazzaville na Kinshasa zinatazamana, lakini kwa faiba data ilibidi izunguke zaidi ya kilomita 400 kuukwepa mto. Mwaka 2021 mradi wa Taara, uliokuwa chini ya Alphabet, kampuni mama ya Google, ulitangaza linki ya leza ya kilomita 4.8 juu ya maji, yenye uwezo wa gigabiti 20 kwa sekunde. Ndani ya siku 20 ilibeba karibu terabaiti 700 na kupatikana kwa asilimia 99.9. Piga hesabu: wastani wa gigabiti tatu na ushee kila sekunde, mchana na usiku, na muda wa kukatika usiofika nusu saa. Siku 20 si mwaka, na muuzaji akikupa takwimu ya wiki tatu mwambie akupe ya miezi kumi na miwili. Lakini Kinshasa si jangwa.

Ushauri wangu, ambao mafundi wamechoka kuusikia: usifunge leza kwenye bomba lililochomelewa juu ya tangi la maji. Vioo vya ndani vinajirekebisha vyenyewe, ila vina kikomo. Bomba likiyumba kwa upepo, mwanga unapiga ukuta wa jirani. Tafuta kona ya zege. Usipitishe njia ya mwanga karibu na mabati, maana joto la saa saba mchana linafanya hewa icheze na mwanga ucheze nayo. Ukiweza, epuka pia kuelekeza mashariki-magharibi, jua lisije likaingia moja kwa moja kwenye kipokezi asubuhi au jioni. Na ufunge redio pembeni iwe akiba. Kimoja kinaogopa ukungu, kingine hakiujali. Vifunge pamoja ulale.

Madai mengine watu wanayoyasema kuhusu leza hayanisumbui sana.

Kwamba inapofua macho: linki nyingi za masafa marefu hutumia mwanga wa nanomita 1550, ambao humezwa na sehemu ya mbele ya jicho kabla ya kufika kwenye retina. Chagua kifaa cha daraja la 1 la usalama wa leza. Na usichungulie kwa darubini, kwa sababu darubini hukusanya.

Kwamba Starlink inakushushia intaneti kwa leza: leza ziko kati ya setilaiti na setilaiti, huko juu kusiko na mawingu. Kutoka setilaiti hadi kwenye sahani yako ni redio, kama kawaida.

Kwamba Li-Fi, yaani intaneti ya chumbani inayopita kwenye mwanga, inakuja kuua Wi-Fi, au kwamba simu za 6G zitapokea mwanga kutoka mnarani: mwanga haupiti ukuta, wala haupiti mfuko wa suruali. Kiwango cha Li-Fi, IEEE 802.11bb, kilitoka mwaka 2023, na hakitumii hata mwanga wa balbu mnaouwazia. Kinatumia infraredi ya nanomita 800 hadi 1000, isiyoonekana kwa macho. Ni kizuri kwa chumba kimoja ambacho hutaki mawimbi yatoke nje. Kwenye mtandao wa simu, kazi ya mwanga ni kuubebea mnara mzigo wake hadi kwenye mkongo pale ambapo kuchimba mtaro ni ghali.

Na kwamba leza haihitaji kibali chochote. Hii ni nusu kweli, na ndiyo inayowaingiza watu matatani. Masafa ya redio kisheria yanaishia gigahezi 3,000. Mwanga wa nanomita 1550 uko kama gigahezi 193,000, kwa hiyo haumo kwenye orodha ya ada ya masafa. Lakini ukiwauzia watu intaneti, leseni ya kutoa huduma iko palepale, na mwenye ghorofa unakofunga bado atataka mkataba. Mlipe mapema, kabla hajajenga ghorofa la ziada mbele ya kioo chako.