Utando si ugaga

Wauza unga wa meno stendi Mtwara wana kauli moja: "Hii inatoa ugaga." Muuzaji anasugua jino la mteja, linang'aa, hela inatoka. Kilichotoka pale ni utando, na utando hata kitambaa kibichi kinautoa.

Utando ni bakteria walioshikana na mate, laini, unarudi saa chache tu baada ya kupiga mswaki. Ugaga ni utando huohuo ulioachwa mpaka madini ya mate, kalsiamu na fosfeti, yakaugandisha. Kuganda huanza ndani ya siku 1 hadi 3. Hupenda nyuma ya meno ya mbele ya chini na ubavuni mwa magego ya juu, kwa nje, maana ndiko mifereji ya mate inakofungukia. Pitisha ulimi nyuma ya meno ya chini: ukikuta ukingo mgumu usiotoka kwa mswaki, ndio huo.

Rangi ya chai au tumbaku ni jambo jingine. Na kahawia ya meno ya waliokulia Arusha ni floraidi ya maji, imo ndani ya jino, usiwauzie unga.

Wanaotoa ugaga kwa ndimu ndio wanaoudhi zaidi. Ugaga na jino vyote ni madini ya kalsiamu na fosfeti, kwa hiyo tindikali ya kuyeyusha kimoja inakula na kingine. Gamba la jino huanza kuyeyuka pH (kipimo cha tindikali, ikishuka tindikali imezidi) ikiwa chini ya 5.5 hivi, ndimu iko kwenye 2 na ushei. Kuukwangua kwa pini au ncha ya kisu huchana fizi na kuacha mikwaruzo, utando ukapata pa kushika.

Nyumbani unapambana na utando tu. Mswaki laini, dawa yenye floraidi kiasi cha punje ya mbaazi, brashi ilazwe nyuzi 45 kwenye ukingo wa fizi, mwendo mfupi mfupi, dakika 2, asubuhi na kabla ya kulala. Tema, usisukutue. Panapotoka damu usipaache, piga mswaki. Mara nyingi utando uliobaki ndio unaoitoa. Mswaki wa mti unafaa, ila wengi huishia meno ya mbele.

Ugaga hukwanguliwa kitengo cha meno hospitalini, Ligula hapa Mtwara au Sokoine kule Lindi. Wanaosema kukwanguliwa kunalegeza meno wanaona kweli jino likicheza, ila lilishalegea zamani, fizi na mfupa vilipoliwa. Ugaga ulikuwa umeligandisha na jirani yake.